Ndugu yako kafungwa: ukate rufaa, usubiri msamaha wa Rais au ufuatilie parole?

Kila ikikaribia tarehe 9 Desemba au 26 Aprili simu yangu haipumui. Watu wa huku Lindi na Mtwara wanajua niliwahi kuhangaika na kesi ya ndugu yangu, basi kila mwenye mtu wake ndani ananipigia, eti mwaka huu msamaha upo? Eti jina linaingizwaje? Nimechoka kurudia maneno yale yale kila siku kwahiyo nimeona niandike mara moja, akija mwingine namtumia hii.

Stori yenyewe fupi. Mtoto wa mama yangu mdogo alikula mvua tano kwa kuvunja ghala na kuiba korosho, ilikuwa mwezi wa kumi na moja, minada imechangamka, vijana hela wanaiona inapita kwa wengine tu. Mahakamani alikiri kosa siku ya kwanza, nani alimshauri akiri hatujajua mpaka leo. Sasa nimeenda kumsabahi mama mdogo nikamkuta kibarazani anamenya ming'oko, shikamoo, marahaba, hata sijakaa akaniambia, "Mwanangu, nimempata mtu anamuingiza mdogo wako kwenye listi ya Rais. Anataka laki tano, nimeshampa mbili."

Nikamwambia mama naomba nione alichokupa. Akaingia ndani akatoka na bahasha ya kaki, ndani kuna karatasi ina nembo ya Bibi na Bwana kabisa, ukiisoma haraka utaamini. Lakini ukiitazama vizuri ni fotokopi ya tangazo la msamaha la mwaka wa nyuma, maandishi yote yamefifia kijivu isipokuwa mstari mmoja mweusi tii katikati wenye jina la mdogo wangu, tena limekosewa herufi. Ile laki mbili ilikuwa hela ya korosho.

Kwahiyo ninachotaka kusema mapema kabisa ni hiki: hizi njia tatu zinajibu maswali tofauti. Rufaa inauliza kama mahakama ilikosea. Parole, yaani kumalizia kifungo uraiani kwa masharti, inauliza kama mtu wako sasa hivi anaweza kukaa uraiani bila kusumbua watu. Msamaha wa Rais haukuulizi wewe kitu, unashuka kwa makundi, na ndio maana matapeli wanaupenda, maana hauna dirisha la kuombea linaloonekana kwahiyo yeye anajifanya ndiye dirisha.

VITU VYA KUANGALIA KABLA HUJACHAGUA

Mimi napima kwa vitu vitano na nitavirudia kila njia: nani anaamua, nani anafaa, inachukua muda gani, hela zinaenda wapi, na mtu akitoka anatoka na nini mkononi, yaani hatia imefutika au bado ipo. Hicho cha mwisho wengi wanakiruka halafu kinakuja kuwauma baadaye.

Na kabla ya zote kuna kitu kinaitwa punguzo la theluthi. Kwa sheria yetu ya magereza ya 1967 mfungwa mwenye tabia nzuri anapunguziwa theluthi moja ya kifungo chake, hili halihitaji Rais wala wakili, linakuja lenyewe labda aharibu huko ndani. Wa kifungo cha maisha na wa kunyongwa hawamo. Mvua tano ni miezi 60, toa theluthi inabaki 40. Kwahiyo mtu akikwambia "nimeongea na wakubwa, atatoka baada ya miaka mitatu na miezi minne" usimpe hata buku, huyo anakuuzia kitu ambacho mtu wako alikuwa nacho tangu siku aliyoshuka kwenye karandinga.

RUFAA

Nani anaamua: mahakama ya juu ya ile iliyomfunga. Kesi ikitoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi inaenda Mahakama Kuu, na sisi wa mikoa hii miwili tuna Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara, si lazima upande basi la Dar. Kutoka hapo kuna Mahakama ya Rufani ambayo nayo huwa inakuja kufanya vikao Mtwara. Kesi ikianzia mahakama ya mwanzo rufaa inakwenda wilayani kwanza.

Nani anafaa: karibu kila aliyetiwa hatiani akipinga. Ila kuna mtego mmoja mkubwa ambao ndio ulitukamata sisi. Aliyekiri kosa mwenyewe hawezi tena kukata rufaa kusema sikufanya, kinachobaki kwa kawaida ni kulalamikia adhabu, kwamba imezidi au haiko kisheria. Mdogo wangu alikiri, kwahiyo mlango mkubwa ulishafungwa, umebaki upenyo.

Muda: hapa ndipo watu wanapolia. Kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu una siku 10 tangu hukumu kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa, halafu siku 45 za kuleta rufaa yenyewe, na zile siku ulizokuwa unasubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi hazihesabiwi. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda wilayani ni siku 30, na kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani taarifa ni ndani ya siku 30. Zikipita sio mwisho wa dunia, unaomba kuongezewa muda ila uwe na sababu ya maana, "nilikuwa shamba napalilia" haitoshi. Sasa fikiria siku 10 kwetu zinavyoisha, siku ya kwanza mnalia, ya pili mnatafuta nauli ya kutoka Tandahimba, ya tatu mjomba anasema tusubiri kaka mkubwa arudi, ya tisa kaka mkubwa karudi anauliza imekuwaje. Baada ya hapo kusikilizwa kwenyewe kunaweza kuchukua miezi au miaka, inategemea.

Hela: wakili anagharimu, hilo halina ubishi, lakini mfungwa anaweza kuandika taarifa na sababu zake za rufaa akiwa ndani na kumkabidhi mkuu wa gereza, ambaye kisheria anazifikisha mahakamani. Wengi hawajui hili! Na kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, chini yake kuna wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, ulizia halmashauri kwa msajili msaidizi au ustawi wa jamii, hao hawatakiwi kukutoza. Jihadhari na vishoka wanaokaa na mafaili kwenye vibanda vya fotokopi, koti analo ila uwakili hana.

Unatoka na nini: ukishinda umeshinda kweli. Hatia inafutwa, unarudi kuwa mtu ambaye mahakama imesema hakutiwa hatiani ipasavyo, unaweza kuomba kazi na kujaza fomu bila kona kona. Hii ndiyo njia pekee kati ya tatu inayosafisha jina.

Hatari yake ipo pia. Mahakama Kuu ina uwezo wa kupunguza adhabu na ina uwezo wa kuiongeza. Mtu kapewa kifungo chini ya kiwango cha sheria, anakata rufaa kwa mbwembwe, jaji anafungua jalada anakuta kosa lile kiwango chake cha chini ni kikubwa kuliko alichopewa. Umeamsha aliyelala.

Inamfaa nani hasa? Anayesema sikufanya na hakukiri, mwenye kifungo kirefu, ambaye ushahidi ulikuwa na mashimo, na anayejali jina lake kuliko kutoka haraka.

MSAMAHA WA RAIS

Hapa nitakaa sana maana ndiko kwenye giza.

Nani anaamua: Rais, basi. Ibara ya 45 ya Katiba ya 1977 inampa uwezo wa aina nne. Kumsamehe mtu aliyetiwa hatiani na mahakama, kwa masharti au bila masharti. Kuahirisha utekelezaji wa adhabu. Kubadilisha adhabu kali kuwa nafuu, mfano kunyongwa kuwa maisha. Na kufuta adhabu yote au sehemu yake, pamoja na faini inayotakiwa kwenda Serikalini. Ule wa sikukuu tunaousubiri redioni kwa kawaida ni huu wa nne, 45(1)(d), yaani ni punguzo la adhabu. Na Ibara ya 37 inasema Rais halazimiki kufuata ushauri wa mtu katika kazi zake isipokuwa pale sheria inapotaka hivyo, kwahiyo hata wanaomshauri hawana kura ya mwisho, sembuse jamaa wa bahasha ya kaki.

Mipaka yake sasa. Kwanza, aliyetiwa hatiani tu. Mahabusu hayumo, kesi yake bado haijaisha hakuna hatia ya kusamehe. Najua kuna watu wanaangalia video za Marekani wanasema mbona Ford alimsamehe Nixon mwaka 1974 hata hajashtakiwa, ni kweli, katiba yao inaruhusu hivyo kwa makosa ya sheria za shirikisho, ya kwetu imeandikwa tofauti. Halafu kuna watu watakwambia mbona 2019 Magufuli alisamehe watuhumiwa wa uhujumu uchumi waliokuwa bado na kesi. Ule wa Septemba 2019 watu waliuita msamaha ila njia yake ilikuwa nyingine, watuhumiwa waliandika kukiri na kukubali kurudisha hela kupitia kwa DPP, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kuendesha na kuondoa mashtaka. Mtu wako akiwa mahabusu huko ndiko pa kugonga, sio Ibara ya 45.

Pili, ni adhabu ya jinai na kinachodaiwa na Serikali. Deni la mtu binafsi, kesi ya shamba, talaka, hayo hayafiki huko. Tatu, Zanzibar ina Rais wake na katiba yake ya 1984 yenye msamaha wake, Rais wa Muungano kwa aliyehukumiwa kule anagusa sheria za Bunge zinazotumika mpaka Zanzibar. Nawaambia wale wenye vijana wa dago, wanaokwenda kuvua mbali na kwao, waliokamatwa Unguja, ulizeni kwanza kafungwa kwa sheria ipi.

Nani anafaa: hubadilika kila tangazo, Katiba haina listi, listi ni ya siku hiyo. Ila ukisoma matangazo ya miaka mingi utaona yanafanana. Wanaoguswa ni wagonjwa mahututi wa maradhi kama ukimwi, kifua kikuu na saratani waliothibitishwa na jopo la waganga chini ya mganga mkuu wa mkoa au wilaya, wazee wa miaka 70 na kuendelea, wanawake walioingia na ujauzito au na mtoto anayenyonya, wenye ulemavu, na wengine wote kwa kupunguziwa sehemu fulani ya kifungo ilimradi wameshatumikia kiasi, mara nyingi robo. Wanaoachwa nje mara nyingi ni wa dawa za kulevya, rushwa, unyang'anyi wa silaha, makosa ya kujamiiana, kuwapa mimba wanafunzi, nyara za Serikali, waliojaribu kutoroka, na waliokwisha kupunguziwa na msamaha wa nyuma na bado wanamalizia. Kuna matangazo yamewaacha nje pia wale walioko kwenye parole na huduma kwa jamii.

Namba zake si ndogo. Tarehe 9 Desemba 2017 Magufuli alitangaza wafungwa 8,157, lakini waliotoka siku ile walikuwa 1,828, wengine walipunguziwa tu. Desemba 2019 wakawa 5,533. Samia tarehe 26 Aprili 2021 alisamehe 5,001, na hapo waliotoka ni 1,516. Soma hizo namba mbili mbili, usisome ya kwanza peke yake. Unasikia elfu nane redioni unapika pilau, kumbe mtu wako kapunguziwa kutoka miaka 12 kwenda tisa.

Muda: hauna kalenda ya kisheria. Muungano na Uhuru ni desturi, Rais anaweza kutoa siku nyingine na anaweza kukaa kimya. Huwezi kupanga maisha kwa kitu hicho.

Hela: sifuri. Magereza wenyewe ndio wanaochambua nani anaangukia kwenye vigezo, jina halitoki Lindi kwa bahasha. Kitu pekee ambacho familia inaweza kufanya ni kuhakikisha karatasi ziko sawa, kama mzee ni wa miaka 72 na gerezani kaandikwa 62 hapo peleka cheti au uthibitisho wowote wa umri, kama anaumwa hakikisha mgonjwa anaonwa na daktari na inaandikwa.

Unatoka na nini: unatoka, lakini punguzo la adhabu haliondoi hatia. Kosa linabaki limeandikwa.

Mfano mzuri kuliko wote, wanaukumbuka hata watoto, ni mwanamuziki Babu Seya. Nguza Viking, ndiye huyo Babu Seya, na wanawe watatu walihukumiwa maisha 2004 kwa makosa ya kubaka na kulawiti watoto. Wakakata rufaa Mahakama Kuu wakashindwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia wanawe wawili, yeye na mwanawe Papii Kocha wakabaki ndani, wakaomba marejeo (mahakama iitazame upya hukumu yake) hiyo nayo ikagonga mwamba. Halafu 9 Desemba 2017 Dodoma Rais akawataja kwa majina wakatoka. Umeona? Familia moja, kesi moja, wawili walitoka kwa rufaa na wawili kwa msamaha, waliotoka kwa rufaa mahakama imewafutia hatia na waliotoka kwa msamaha hukumu yao ilibaki pale pale. Na angalia kosa lenyewe, makosa ya kujamiiana ndiyo yale yanayowekwa nje ya listi mara nyingi, lakini Rais hakufungwa na listi kwa sababu listi ni yake. Watetezi wa haki za watoto walilalamika sana na mimi naona walikuwa na hoja, wale waliokuwa watoto kwenye ile kesi hakuna aliyewauliza. Huo ndio udhaifu wa njia hii, haina kikao cha wazi, haitoi sababu, aliyeumizwa anasikia redioni kama wewe. Kenya wamejaribu kuibana kidogo, katiba yao ya 2010 inataka ombi liwasilishwe na Rais afuate ushauri wa kamati ya msamaha, angalau pana meza ya kupeleka barua.

Na kunyongwa je? Jaji akishahukumu kifo jalada linaenda kwa Rais aamue asaini au abadilishe, mara ya mwisho mtu kunyongwa nchini ilikuwa 1994. Katika ule msamaha wa 2017 wafungwa 61 wa kunyongwa waliachiwa. Kwa mwenye hukumu hiyo rufaa zikishaisha Ibara ya 45 ndiyo iliyobaki.

Inamfaa nani? Mgonjwa, mzee, mama mwenye kichanga, na wa kifungo cha kawaida ambaye hana cha kubishania mahakamani. Inamfaa kama mvua, ukilima ikija vizuri, isipokuja usiwe umekaa tu unaangalia juu.

PAROLE

Nani anaamua: inaanzia gerezani, inapita bodi ya parole ya mkoa, inaenda Bodi ya Taifa, inaishia kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Marehemu Augustino Mrema, yule mwanasiasa, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya taifa kuanzia 2016, labda ndio maana wengi walilisikia hilo neno kwake mara ya kwanza.

Nani anafaa: kwa Sheria ya Bodi za Parole ya 1994 ilivyorekebishwa, awe na kifungo cha miaka minne au zaidi na awe ametumikia theluthi moja kwa tabia nzuri. Wa maisha, wa unyang'anyi wa silaha, wa dawa za kulevya na wa unajisi hawagusi. Angalia kinyume chake, mwenye mwaka mmoja au miwili parole haimhusu kabisa, watu wanapoteza muda.

Muda: kwa yule wa miezi 60 theluthi ni mwezi wa 20, kuanzia hapo ndio anaanza kufikiriwa, na safari ya faili kutoka mkoani mpaka kwa waziri nayo ina muda wake. Ila tofauti na msamaha, hapa kuna foleni unayoijua, unaweza kuuliza faili limefika wapi na mtu akakujibu.

Hela: hakuna ada. Kinachotakiwa ni nguvu ya familia, maana wanaulizia kijijini. Mtendaji anasemaje, waliokosewa wanasemaje, atafikia kwa nani, atakula nini. Kwahiyo kazi ya kwanza ya familia ni kwenda kwa yule mliyemkosea. Kwetu hii inawezekana kuliko sehemu nyingine, wazee wanakaa, mnaomba radhi, mnalipa mlichoweza, watu wanaendelea kuzikana. Mkiwa mlishatukanana sokoni parole itakuwa ngumu.

Unatoka na nini: unatoka lakini kifungo kinaendelea uraiani. Unaripoti, huhami bila ruhusa, huwezi kuamka tu ukaenda Dar kutafuta maisha, ukivunja masharti unarudi kumalizia. Kijana wa kuvua dago, leo Kilwa kesho Msimbati, hii itambana. Hatia nayo inabaki.

Inamfaa nani? Wa kifungo cha kati au kirefu, mwenye nyumba ya kufikia na ndugu wanaosikilizana, ambaye kosa analikubali.

KIDOGO KUHUSU HUDUMA KWA JAMII

Sio mshindani wa hizo tatu ila waliofungwa muda mfupi waiulizie. Sheria ya 2002 inaruhusu kifungo kisichozidi miaka mitatu kitumikiwe nje kwa kazi za jamii bila malipo, kufagia hospitali, kulima shamba la shule, akiwa analala kwake. Ulizia kwa maofisa wa huduma za uangalizi mkoani.

SASA TURUDI KWA MDOGO WANGU

Sisi tulikosea kila mahali. Rufaa, siku 10 zilipita na alishakiri. Parole hatukuijua kabisa, mwezi wa 20 ulipita tukiwa tunasubiri bahasha ya kaki. Mwezi wa 29 ukaja Muungano, tangazo likatoa robo ya kifungo, kwa miezi 60 hiyo ni 15, toa kwenye ile 40 ya kawaida inabaki 25. Alikuwa ameshaipita, akatoka siku ile ile, mama mdogo akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Wiki hiyo hiyo simu ya jamaa iliyokuwa haipatikani mwaka mzima ikaita. Anataka laki tatu yake iliyobaki, maana kazi si mmeiona? Na mama mdogo alikuwa ameshaanza kufungua kanga atoe hela. Mpaka leo hajaamini kabisa kwamba yule hakufanya kitu.

UCHAGUE IPI: INATEGEMEA UKO WAPI

Hukumu imetoka wiki hii na mtu wako hakukiri. Acha mengine yote, mwambie atoe kusudio la rufaa kwa mkuu wa gereza kabla ya siku ya 10, sababu zitafuata. Kutoa kusudio sio lazima uendelee nayo, ila usipotoa umejifungia.

Alikiri na kifungo ni miaka minne au zaidi, na kosa lake halimo kwenye yale yaliyozuiwa. Mimi ningeanzia parole, piga hesabu ya theluthi leo andika tarehe ukutani, na anza kupatana na waliokosewa mapema. Msamaha ukikukuta njiani sawa.

Kifungo chini ya miaka minne. Theluthi itafanya kazi, huduma kwa jamii iulizie, rufaa ikate kama ina hoja, maana kwa vifungo vifupi mtu anaweza kumaliza kabla rufaa haijasikilizwa, na hapo anayepigania jina ndiye atakayeendelea.

Mzee wa 70 na zaidi, mgonjwa sana, mama mwenye kichanga. Karatasi za umri na za hospitali zikae sawa kabla ya Aprili na kabla ya Desemba, huyu ndiye anayefanana na listi ya msamaha kila mwaka.

Maisha au kunyongwa. Rufaa mpaka Mahakama ya Rufani na wakili wa kweli, hapa usibane hela kama ipo, na kama haipo tafuta msaada wa kisheria. Msamaha uje baada ya hapo.

Dawa za kulevya au silaha. Nasema kwa uchungu, parole hakuna na tangazo la sikukuu kwa kawaida halikutaji, kwahiyo nguvu zote kwenye rufaa.

Bado ni mahabusu. Hakuna msamaha hapo. Dhamana, wakili, na kama kuna mazungumzo ya kukiri na DPP yafanyike ukiwa na mwanasheria pembeni, sio ya kunong'onezwa korido.

Na ukitaka nikusaidie kuangalia uko kundi gani, nitumie wasapu picha ya nakala ya hukumu, ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Ila tafadhali inyooshe vizuri kabla hujapiga, watu wananitumia karatasi imekunjwa mara nne mfukoni halafu mkunjo umepita juu ya tarehe, na ninayoitafuta ni hiyo hiyo tarehe.